Kuokota Taka Ufuoni Pamoja na Watoto

(Muziki wa kipindi, kisha sauti ya muuguzi)

Kama uko jikoni wakanda unga wa mahamri, endelea na kazi yako, mimi nipe sikio tu. Nawe shangazi, nawe bibi uliyeachiwa wajukuu, maneno ya leo yanakuhusu vile vile. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Mji wa Kale, na leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo familia kadhaa za mtaani zimeanza kulifanya, nami nalipenda sana: kushuka ufuoni pamoja na watoto kuokota taka.

Najua kuna mama anajiuliza, muuguzi na taka za pwani wapi na wapi? Si kaunti ina wafanyakazi wake? Ngoja nikueleze, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Jumapili moja niliwachukua wanangu wawili, msichana wa miaka 10 na mvulana wa miaka 7, tukateremka kule chini ya Ngomeni maji yakiwa yamekupwa. Shuleni walikuwa wamefunzwa juu ya usafi wa mazingira, wakanisumbua wiki nzima twende. Nilibeba gunia moja la nailoni. Glavu sikubeba. Miguuni, kila mtu na ndara zake. Hata kipande cha sabuni sikuwa nacho. Tulifanya kazi kwa furaha, msichana akihesabu, mvulana akishindana naye nani ataokota chupa nyingi. Nusu saa haikutimia, mvulana akaja mbio ameshika kidole. "Mama, nimechomwa." Alikuwa ameingiza mkono chini ya rundo la mwani ili avute chupa, na chini ya mwani ule palikuwa na sindano ya kudungia dawa.

Mama msikilizaji, mimi ndiye husimama kliniki kila wiki nikiwafunza wenzangu kujikinga. Siku ile miguu iliniisha nguvu.

Nilifanya niliyofundishwa chuoni, na ndiyo nakuomba uyashike. Kwanza nilikiosha kidole kwa maji ya kunywa tuliyokuwa nayo, kisha tukapanda juu, nikabisha hodi nyumba ya kwanza, nikaomba sabuni. Tukaosha tena kwa maji yanayomiminika, dakika kadhaa bila haraka. Sikukifinya kidole kitoe damu. Sikukinyonya. Wengi hufanya hivyo wakidhani wanatoa sumu, lakini kufinya huumiza nyama tu na viini hubaki pale pale. Sikutia dawa ya kuoshea vyoo wala dawa nyingine kali. Kisha tukapanda tuktuk moja kwa moja hadi hospitali.

Kwa nini haraka hivyo? Kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi visishike mwilini baada ya ajali kama hii. Hufaa zaidi zikianzwa saa zile za mwanzo, na zisipite saa 72, yaani siku 3. Hunywewa siku 28 bila kukosa hata moja. Daktari ndiye hupima hatari na kuamua kama zinahitajika. Nikwambie ukweli ili usishikwe na hofu kupita kiasi: hatari ya kuambukizwa ukimwi na sindano iliyotupwa ufuoni ni ndogo sana, kwa sababu virusi hivyo havidumu sana nje ya mwili. Homa ya ini aina ya B ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana kirusi chake chaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza. Hapo ndipo kitabu cha kliniki kilipotufaa. Chanjo ya homa ya ini B imo ndani ya zile sindano za wiki 6, wiki 10 na wiki 14, na mwanangu alikuwa amezimaliza. Kwa upande wa pepopunda aliongezewa sindano nyingine siku ile ile. Kwa hivyo mama, hicho kitabu usikitupe mtoto akishaanza kutembea. Kiweke pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

Siku 28 ni ndefu kwa mtoto wa miaka 7. Dawa zilimtia kichefuchefu, akakataa chakula. Na mtaa wetu mwaujua, nyumba zimeshikana dirisha kwa dirisha. Haikupita wiki nikaanza kuulizwa, huyu mtoto anakunywa dawa gani kila jioni? Nilijibu mara moja, nikajibu mara mbili, kisha nikachoka, nikawa nafunga dirisha. Alipimwa siku ile, akapimwa tena baada ya wiki 6, na tena baada ya miezi 3. Alhamdulillahi, yu salama.

Lakini kuna jambo katika kisa hiki ambalo lilinisumbua kuliko dawa. Kabla ya kuondoka ufuoni niliitazama ile sindano. Ilikuwa ndogo, ya mililita 1, ncha yake nyembamba kama unywele. Nikawalaani moyoni wale vijana waliotekwa na dawa za kulevya, kwani wao ndio wa kwanza kulaumiwa na kila mtu. Usiku ule tuliporudi nyumbani, mamangu alikuwa anajidunga insulini yake ya jioni. Ana kisukari, na amekuwa akijidunga kwa miaka. Alipomaliza, aliinua kifuniko cha ndoo ya taka akaitupia sindano humo, juu ya maganda ya viazi, kama afanyavyo kila siku.

Sindano ndogo, ya mililita 1, ncha nyembamba kama unywele.

Sisemi ndiyo iliyomchoma mwanangu. Lakini ni ndugu yake. Mimi muuguzi, binti wa nyumba ile, sikuwahi hata siku moja kumwuliza mamangu sindano zake zinakwenda wapi. Ndoo hiyo ya jikoni ndiyo sababu ya muuguzi kuzungumza nanyi leo juu ya taka za pwani.

(Muziki mfupi)

Tuitazame safari ya taka. Vichochoro vyetu ni vyembamba, lori haliingii, taka hutolewa kwa mkokoteni. Ukiweka taka mlangoni usiku, paka huwa wa kwanza kuzifungua, na alfajiri kunguru humalizia. Kilichobaki hupeperushwa au husombwa na mvua hadi mtaroni, na mtaro una njia moja tu, nayo ni baharini. Kisha bahari yetu hujaa mara mbili kwa siku na kupwa mara mbili. Ule mkono wa bahari wa Tudor unaopita kati yetu na Nyali huvuta taka za mitaa yote iliyopakana nao, ukazitoa nje, ukazirudisha. Kwa hivyo uchafu unaouona chini ya Ngomeni huenda uliondoka jikoni mwa mtu wiki iliyopita.

Wako wanaosema taka hizi zaletwa na meli, au na mawimbi kutoka nchi za mbali. Ni kweli kwa kiasi fulani. Wataalamu waliochunguza chupa katika fuo za Kenya waliona kwamba kwenye fuo zilizo mbali na miji hupatikana chupa nyingi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, zilizovuka bahari nzima. Lakini kwenye fuo zilizo karibu na mji, nyingi ni za hapa hapa. Sisi wa kisiwani hatuna pa kusingizia.

Na hapo ndipo faida kubwa ya kwenda na watoto. Mwaka 1986, kule Texas, Marekani, wanawake wawili, Linda Maraniss na Kathy O'Hara, waliwaita watu kusafisha ufuo. Hawakuokota tu, bali waliandika kila kitu kilichookotwa, kimoja kimoja, ili wajue kinatoka wapi. Jambo hilo limeenea dunia nzima, na hufanywa kila mwaka Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Septemba. Huko kuandika ndiko kunakomfunza mtoto. Mpe daftari na kalamu, achore mistari: vifuniko, chupa, makaratasi ya peremende, ndara, nepi. Tuliporudi mara ya pili, msichana wangu alisoma orodha yake kwa sauti njiani, akafika kwenye makaratasi ya biskuti, akanyamaza. Kisha akasema, "Mama, si ndizo hizi twanunua kila siku?" Sikumjibu. Alikuwa amejijibu mwenyewe.

Waambieni pia habari za Flipflopi. Ni jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki zilizookotwa, kama tani 10, likafunikwa kwa ndara zipatazo 30,000. Fundi wake ni Ali Skanda wa huko huko Lamu. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Watoto hupenda sana kusikia kwamba ndara iliyokatika yaweza kuwa jahazi.

Sasa tuje kwenye afya yenyewe. Taka ufuoni zina madhara gani kwa mtoto, mbali na kumkata na kumchoma?

Nepi nataka niizungumzie kwa kirefu, kwani ni yetu sisi kina mama. Bibi zetu walifunga watoto winda la kitambaa, wakafua, wakaanika. Siku hizi nepi za kutupa zimeturahisishia kazi, nami sikulaumu, hata mimi nilizitumia kwa wanangu wote wawili. Lakini mama wengi hudhani choo cha mtoto mchanga si kichafu. Ni kichafu. Kina viini vya kuharisha kama cha mtu mzima, na kuhara ndiko kunakotuletea watoto kliniki wakiwa macho yamezama na midomo imekauka. Nepi iliyotupwa mtaroni hufika baharini, ikavimba maji, ikapasuka, na watoto wetu wanaoruka majini jioni huyameza maji hayo hayo. Kabla ya kuitupa, kikung'ute choo chooni, uikunje nepi kwa ndani, uifunge, uitie kwenye pipa lenye kifuniko. Kisha uoshe mikono kwa sabuni. Wala usiichome. Moshi wa plastiki huingia kifuani mwa mtoto yule yule uliyekuwa ukimsafisha, na kwenye nyumba zetu zilizobanana huingia pia kwa jirani mwenye pumu.

Jambo jingine ni mbu. Mnakumbuka mwisho wa mwaka 2017 na mwanzo wa 2018, chikungunya ilipoingia Mombasa? Watu walishindwa hata kuinua sufuria kwa maumivu ya viungo. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lina maana ya kujikunja, na kweli watu walitembea wamejikunja. Kabla yake, mwaka 2013, tulipata homa ya dengi. Magonjwa haya mawili huletwa na mbu wa aina moja, mwenye madoa meupe miguuni, naye huuma mchana. Kwa hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Mbu huyu hataki kinamasi. Anataka kopo, kifuu cha dafu, gurudumu bovu, kikombe cha plastiki, chochote chenye maji kidogo ya mvua. Mayai yake hung'ang'ania ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja mvua. Ndiyo maana mkifika ufuoni msiangalie tu pale mawimbi yanapogonga. Pandeni juu, kwenye majani na mawe, kwani huko ndiko makopo yanakokinga maji ya mvua. Na mkirudi nyumbani mtazame darini na uani kwa macho yale yale.

Tatu, mchanga wenyewe. Mji wa Kale bila paka si Mji wa Kale, lakini paka hujisaidia mchangani, na mbwa pia. Humo hutoka minyoo midogo inayopenya ngozi ya mtu aliyekaa au kutembea bila viatu. Utaona mtoto ana mstari mwekundu unaojipinda mguuni au matakoni, unawasha sana, na kila siku umesogea kidogo. Wengine hudhani amerogwa, au hupaka mafuta ya taa. Mlete kliniki, ina dawa na hupona. Mama mjamzito ajihadhari zaidi na mchanga wenye kinyesi cha paka, maana kuna kiini humo kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Avae glavu, au afanye ile kazi nyingine nitakayoieleza sasa hivi.

(Muziki mfupi)

Basi mama, umeshawishika, watoto nao wamekushika nguo. Mwende vipi?

Chagua siku kwa kutazama mwezi. Wazee wetu wavuvi wanajua haya, nasi tumeyasahau. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji huwa ya bamvua, hujaa sana na kupwa sana. Hapa Mombasa siku hizo maji huwa yamekupwa karibu saa 4 asubuhi, na kila siku inayofuata hubadilika kwa dakika kama 50. Mkifika saa 2 na nusu, maji bado yanakwenda chini, mna nafasi ya kutosha na jua halijawa kali. Mtaona mstari mrefu wa uchafu pale juu maji yalipofikia usiku. Anzieni hapo. Kama huna hakika na maji, waulize wavuvi au kamati ya BMU ya ufuo wenu. Watakwambia, na pengine watafurahi kuwaona.

Mtu mzima mmoja asiokote chochote. Nasema tena, asiokote chochote. Kazi yake ni kuwatazama watoto tu, kwa sababu aliyeinama kuokota taka haoni mtoto aliyeingia majini. Hii ndiyo ile kazi ya mama mjamzito, au ya bibi mwenye magoti mabovu. Akae kivulini, awahesabu watoto kila baada ya muda mfupi.

Kila mtu avae viatu vya kufunika vidole. Raba za shule zilizochakaa zafaa sana. Ndara hapana, nimeshapata somo. Glavu ziwe zile nene za kufulia, si hizi nyembamba za hospitali, zinapasuka upesi kwenye mwamba. Watoto hazitawatosha, wape soksi nzito chini ya glavu au, bora zaidi, wape koleo. Ndiyo, lile koleo lako la makaa la jikoni. Hakuna chombo kizuri kuliko hicho. Mtoto huona raha kuokota nalo, na mkono wake haugusi kitu. Mwisho utaliosha kwa sabuni na maji ya moto, na ukipenda nunua la pili liwe la pwani tu.

Takeni ndoo, msitegemee mfuko. Ndoo haichomi paja la mtu kama kuna kioo au sindano ndani. Ikijaa ndipo mmimine kwenye gunia. Beba sabuni, maji safi kwenye dumu, kitambaa safi cha kufungia kidonda, na maji ya kunywa. Maji hayo myabebe kwenye chupa zenu za kutumia siku zote, kwani tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ufuoni, kama vile majuala yalivyopigwa marufuku nchi nzima tarehe 28 Agosti 2017. Itakuwa kichekesho kwenda kuokota taka huku mmebeba nyingine.

Kazi mgawane kwa umri. Mtoto wa chini ya miaka 5 asiokote. Huyu bado kila kitu ni cha mdomoni. Mpe ahesabu ndara au akusanye kauri. Wa miaka 6 hadi 9 waokote chupa, vifuniko na ndara zinazoonekana wazi, kwa koleo. Hakuna mkono wa mtu, mkubwa wala mdogo, unaoingia chini ya mwani au ndani ya tundu la mwamba. Vioo, nepi, ndoana na nyavu ni vya watu wazima. Na watoto wafunzwe neno moja kabla ya kushuka: ukiona sindano, chupa ya dawa, damu au mnyama aliyekufa, simama, usiguse, ita mtu mzima. Fanyeni mazoezi nyumbani kama mchezo. Wangu walicheka, lakini walishika.

Sindano huokotwa hivi. Chukua chupa ngumu yenye kifuniko cha kukaza, uisimamishe mchangani. Usiishike kwa mkono wa pili. Okota sindano kwa koleo, uitumbukize ncha ikitangulia chini, ukaze kifuniko. Usijaribu kuirudishia kifuniko chake kidogo, hapo ndipo watu wengi huchomwa. Chupa hiyo ipeleke kituo cha afya kilicho karibu, tuna masanduku maalumu ya kuchomea vitu vyenye ncha. Usione haya kuileta. Afadhali ije kwetu kuliko irudi baharini.

Mtu akikatika, osheni kwa maji mengi na sabuni hadi mchanga wote utoke, kisha mkandamize kwa kitambaa safi. Msitie kahawa, wala majivu, wala dawa ya meno. Kama kidonda ni kirefu, au kina kitu kilichobaki ndani, au aliyeumia hajui alichanjwa lini pepopunda, aje tumwone siku hiyo hiyo.

Kuna kosa ambalo hata vikundi vikubwa hulifanya, kwa hivyo mlipange mapema. Magunia yakishajaa, nani atayachukua? Nimeona magunia yamepangwa vizuri juu ya mchanga, watu wamepiga picha wameondoka, na bamvua ya usiku ikaja ikayachukua yote. Zungumzeni na BMU au na watu wa mkokoteni kabla ya siku yenyewe. Chupa za plastiki zikitengwa hununuliwa kwa kilo, na zile pesa za watoto wanunuliwe mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili jioni pale Mama Ngina. Lakini wanawe mikono kwanza, na chini ya kucha.

Turudi kwa mamangu. Nilimpa chupa tupu ya mafuta ya kupikia, ile ngumu yenye kifuniko cha kuzungusha. Nikaibandika karatasi yenye neno SINDANO kwa herufi kubwa, tukaiweka juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto. Mwanzo alinung'unika, akaona nampa kazi uzeeni. Siku hizi ikifika robo tatu huniambia mwenyewe, "Chukua mzigo wako," nami huibeba kazini. Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayejidunga, mwekee chupa kama hiyo leo hii, na uulize huko mnakochukulia insulini kama watazipokea zikijaa.

Mvulana wangu hakutaka kusikia habari za pwani kwa miezi kadhaa. Sikumlazimisha. Kisha asubuhi moja, dadake akivaa raba zake, akaja jikoni, akachukua koleo la makaa, akauliza kama ni lazima avae soksi. Nikamwambia ni lazima.

Bamvua nyingine ni mwezi utakapopevuka. Wiki ijayo, wakati kama huu, tutazungumza juu ya kumwanzishia mtoto wa miezi 6 chakula. Tayarisha maswali yako, na kwaheri kwa sasa.

(Muziki wa kipindi)